Mkalimani wa Boma na Maji ya Mama Anjela

Siku ya kwanza nilipoingia kazini pale Boma la Moshi, nilikiri wizi wa mbuzi mbele ya umati wa watu. Msicheke. Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Niliajiriwa kuwa mkalimani wa serikali, yaani mtu wa kuyapokea maneno ya Kichagga na kuyatia katika Kiingereza cha Bwana Shauri, kisha kuyarudisha. Bwana Shauri ndiye Mwingereza aliyesikiliza kesi na rufaa zilizoshuka kutoka mlimani. Kiswahili alikijua, lakini kilikuwa kile cha jikoni, cha kuagizia chai na maji ya kuoga, na Kichagga hakukijua kabisa.

Mshitakiwa wangu wa kwanza alikuwa amekamatwa na mbuzi wa jirani yake. Nikaanza kwa adabu, “Anasema kwamba yeye...” Karani Mkuu akagonga meza.

“Nani anasema? Wewe hapa huna cha kusema! Akisema ‘niliiba’, nawe sema ‘niliiba’. Usimpunguzie, usimwongezee, usimtilie chumvi.”

Basi nikasimama na kaptula yangu mpya ya khaki, nikasema kwa sauti kwamba niliiba mbuzi, nilimchinja, nilimla na ndugu zangu. Habari ilipanda mlima kabla yangu. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta mama ameshika kichwa migombani. “Yeleuwi! Misheni wamekusomesha miaka yote ile ukaibe mbuzi?” Baba alicheka mpaka akamwaga mbege yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ilinichukua muda mrefu kumweleza mama kwamba ile ilikuwa kazi, tena ya mshahara.

Huyo Karani Mkuu ndiye aliyenifundisha kazi, na nisipomsifu nitakuwa mtu wa hovyo. Alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake mtu wa pwani aliyekuja na misafara, mama yake Mpare. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuja na chakula chake kutoka nyumbani, na hata maji ya kunywa alikuja nayo. Watu walisema anaringa. Siku moja nilimwuliza kama ni kweli.

“Mimi siringi,” alisema. “Lakini nikinywa maji yako leo, kesho utanikumbusha kiu yangu. Na mimi sitaki kukumbushwa.”

Ninyi vijana mkisikia rushwa mnafikiria bahasha chini ya meza. Sisi hatukuwa na bahasha. Ulirudi nyumbani ukakuta mkungu wa ndizi umeegemezwa kwenye mlango wa jiko, na mke wako hajui aliyeuleta. Ulikutana njiani na mtu usiyemjua akakuita ndugu, akakuulizia hali ya watoto kwa majina. “Nimepita tu kusalimia.” Kusalimia gani huko, na kesi yake ni kesho kutwa? Walijua kwamba mkalimani ni mlango. Shahidi akisema “nilimwona”, nawe ukafasiri “nadhani nilimwona”, umekwisha kumwangusha mtu, na Bwana Shauri hana habari. Aliyekuwa na kazi ile kabla yangu alifukuzwa kwa mchezo huo huo.

Wakati wangu serikali iliamua kukata mzizi wa jambo hili. Amri ilisomwa sokoni, ikabandikwa kwenye milango ya mabaraza yote mlimani. Mabaraza ni mahakama za wenyeji, zilizokuwa chini ya Mangi, mtawala wetu, pamoja na wazee wake. Amri ilisema mtumishi yeyote wa umma asipokee kitu kwa mtu mwenye shauri, kesi zisikilizwe hadharani, na mbege isiingie uani mwa baraza. Hapo penye mbege watu walicheka kweli kweli. Mzee mmoja alisema kwa sauti, “Sasa tutapatana kwa maji ya kisima?”

Bwana Shauri alikasirika, akadhani watu wanaidharau amri. Nikaomba ruhusa ya kusema kwa kinywa changu mwenyewe, jambo ambalo mkalimani halifanyi hovyo hovyo. Nilimweleza kwamba kwetu wagombanao wakishapatana huletwa mbege, wakanywa wote pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa, mchana, mbele ya watu. Hiyo ni kufunga ugomvi. Lakini mbege inayokuja kabla ya shauri, ikapita nyuma ya nyumba, akanywa mwamuzi na mtu wa upande mmoja tu, hiyo si mila ya mtu yeyote. Ni mlungula uliovikwa nguo za mila.

Akaniambia niandike hivyo hivyo kwa Kiswahili. Amri ikarekebishwa. Mbege ya baada ikaachwa, mbege ya kabla ikakatazwa, na watu wakaacha kucheka.

Msidhani naipamba serikali ya Mwingereza. Hakutuuliza kama tunataka kutawaliwa, na wapo mabwana waliokuwa wakali kwa tarishi aliyepokea kuku huku wenyewe wakipokea ngozi za chui na kuziita zawadi. Hayo niliyaona. Lakini vita vya rushwa niliviona ni vyetu sisi, maana aliyekamuliwa hakuwa Bwana Shauri. Alikuwa mama yangu, shangazi yangu, jirani yangu. Kwa hiyo niliingia kwa moyo wote, piga ua, na sikujua kwamba vitanifikia mpaka kitandani kwangu.

Nilikuwa nimeoa. Mke wangu, Felista, alikuwa binti wa mzee mmoja wa baraza, katika umangi ambao sitautaja kwa sababu mimi na wajukuu wa wazee wa baraza lile tunasali kanisa moja. Baba mkwe wangu huyo, Mzee Ndesario, alikuwa mtu wa watu. Alijua kusema, alijua kuchekesha, na kazi yake barazani ilikuwa kuamua mashauri ya mifongo. Mfongo ni mfereji unaotoa maji mtoni juu msituni na kuyaleta mashambani, na kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia. Ukinyang'anywa zamu wakati wa kiangazi, ulezi wako unakauka ukiuona.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa kwake, nimekaa uani nikimngoja Felista amalize maongezi na mama yake. Akaja Lukasi, mwenye shamba kubwa la kahawa upande wa chini, anavuta beberu mnene. Hakuniona, au aliniona akasema huyu ni mtoto wa nyumbani. Alisema, “Mzee, huyu ni wa ile zamu ya Jumatano.”

Baba mkwe alimpapasa beberu mgongoni. “Nenda kaandae shamba lako,” akasema. “Jumatano maji ni yako. Mengine niachie mimi.”

Sikujua ni zamu ya nani. Niliondoka na mke wangu kabla beberu hajachinjwa, nikasema moyoni kwamba nitamwuliza mzee siku nyingine. Baraza lilikaa wiki iliyofuata, nami sijamwuliza.

Haukupita muda, akaja Boma mwanamke mwembamba, viatu hana, ametembea kutoka juu tangu alfajiri. Alikuwa Mama Anjela, mjane. Bwana Shauri akamketisha, nami nikasimama kati yao nikafasiri. Nikasema kwa Kiingereza, kwa nafsi yangu kama nilivyofundishwa, kwamba mume wangu amekufa, kwamba ndugu yangu amekwenda kuchimba mfongo kila mara watu wa ukoo walipoitwa kuusafisha, kwamba hata hivyo baraza limesema nyumba yangu haina mwanamume na zamu yangu ya Jumatano amepewa Lukasi. Nikasema wanangu watakula nini. Nilipofika kwenye Jumatano nikamkumbuka yule beberu. Bwana Shauri akauliza, “Ana shahidi kwamba kuna rushwa?” Nikamwuliza. Akasema, “Nitampata wapi shahidi? Mambo hayo hufanyika nyumbani kwa mtu.” Nikayafasiri hayo nayo, neno kwa neno.

Bwana Shauri aliahidi kupanda mwenyewe wiki hiyo kulisikiliza shauri lake upya. Mama Anjela alipotoka nilimfuata Karani Mkuu nikamwambia kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Siku ya shauri hutafasiri,” alisema. “Mtu hawezi kuwa shahidi na mkalimani. Utasimama useme ulichosikia, ama utaacha kazi leo hii. Nafasi ya tatu sina ya kukupa.”

“Ni baba wa mke wangu, Mzee.”

“Na yule ni mama wa watoto wake. Nenda kafikirie, lakini usifikirie sana.”

Nilikwenda kwanza kwa baba mkwe mwenyewe. Sikutaka kumvizia. Nilimwamkia, nikamwambia, “Baba, yule mama mrudishie zamu yake kabla Bwana hajapanda. Ukirudisha mwenyewe, maneno yatakwisha hapo.” Lo! Aliwaka. Alisema amenipa binti yake mchapakazi, nami namletea maneno ya wazungu uani mwake. Alisema Mama Anjela ni nani hata nimwache yeye. Nikaondoka bila kuagwa.

Nyumbani Felista alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilimweleza yote. Aliendelea kumenya hata nikadhani hakusikia. Kisha akasema, “Baba Piusi, ukimsema baba, mimi sitakuwa na kwetu. Umelijua hilo?”

“Nimelijua.”

“Na usipomsema?”

“Mama Anjela hatakuwa na maji.”

Akarusha kisu kwenye bakuli, akatoka nje. Alilia kule migombani, na mimi nikakaa pale pale na maganda yake, roho inaniuma.

Siku moja kabla ya shauri, alasiri, tuliona watu wawili wanakuja kwenye njia ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani. Mmoja alikuwa mshenga aliyesimamia ndoa yetu. Wa pili alikuwa Mzee Ndesario, na mkononi alishika jani la sale.

Lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa mjini. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikukosea, akaja na jani la sale akakupa, unamsamehe. Hujadiliani, huulizi, hupimi. Aliyeua ndugu yako akija na sale unaipokea. Kuikataa ni jambo ambalo sijamwona Mchagga yeyote akilifanya, na wazee wetu walisema nyumba inayoikataa haioni heri. Na hapa anakuja baba wa mke, mkubwa wangu, ambaye kwa desturi mimi ndiye ningempelekea.

Mshenga akasema, “Mkwe, mzee wako amekuja kwako na mkono huu. Unajua maana yake. Hatuna mengi. Kesho useme hukusikia kitu.”

Felista alisimama mlangoni. Nilimtazama yule mzee nikaona macho yake yamechoka, nikampenda, kwa sababu alikuwa amenipokea nilipokuwa sina kitu. Nikanyoosha mikono yote miwili nikaipokea sale.

“Asante, mwanangu,” alisema, akapumua.

“Baba,” nikasema, “nimepokea. Maneno makali uliyoniambia yamekwisha, na mimi na wewe hatuna kitu. Lakini sale hii umeniletea mimi, na mimi hujaninyima maji. Mpelekee Mama Anjela. Nitakusindikiza sasa hivi. Ukimpa yeye na zamu yake, kesho Bwana atakuta mmekwisha kupatana, na sitakuwa na la kusema.”

Mshenga aliinamisha kichwa. Nadhani aliona kwamba ni kweli. Lakini mzee alinikodolea macho kama mtu aliyepigwa kofi.

“Mimi Ndesario nimpelekee sale mwanamke? Mjane asiye na viatu? Thubutu!”

Akageuka, akaondoka. Felista hakumwita baba yake wala hakunisema mimi. Aliingia ndani akaniwekea tayari shati la kazini, akalikunja vizuri, akalala bila kula.

Kesho yake baraza lilijaa mpaka nje. Bwana Shauri akakaa, Mangi ubavuni mwake, wazee wakapanga mstari. Nilipoitwa kuanza kazi nikavua beji ya shaba ya ukalimani, nikaiweka mezani. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kichagga ili wote wasikie, “Leo naomba nisifasiri. Katika shauri hili mimi ni shahidi.” Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiswahili chake kibovu, “Wewe najua nini nafanya?” Nikamwambia najua. Mwalimu wa misheni akaitwa achukue nafasi yangu, nami nikala kiapo, nikaeleza habari ya beberu, ya Jumatano, na ya ahadi iliyotolewa kabla baraza halijakaa.

Baba mkwe akaruhusiwa kuniuliza. Alisimama taratibu. Alikuwa mjanja, alijua pa kupiga.

“Mkwe wangu, jana ulipokea sale mkononi mwangu, au hukupokea?”

Watu wakaguna. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, “Mungu wangu.” Wengi pale walikuwa tayari kunitemea mate.

“Nilipokea, Baba,” nikasema. “Nimekusamehe, na leo hii sina neno nawe. Lakini aliyekosewa ni yule aliyekaa pale, na yeye hukumpelekea. Nilikuomba tumpelekee wote wawili, ukakataa. Mshenga yupo hapa, aulizwe.”

Mshenga aliulizwa. Maskini, jasho lilimtoka, lakini alisema kweli. Ndipo mzee mmoja wa baraza, mwenzake Ndesario, akatikisa kichwa na kusema, “Basi sale yake haikufika.” Nikaona nyuso za watu zinabadilika. Amri ya serikali walikuwa wameisikia tangu zamani, lakini hili la sale walilielewa kuliko ile karatasi mlangoni.

Zamu ilirudishwa siku ile ile. Mzee Ndesario aliondolewa barazani, na Lukasi akatozwa faini. Mama Anjela hakunishukuru. Alichukua jembe lake akapanda moja kwa moja kwenda kufungulia maji na ndugu yake, na mimi nilifurahi hivyo. Hakikuwa kitu cha kushukuriwa, kilikuwa chake.

Ikabaki nyumba yangu. Baba mkwe alituma neno kwamba Felista asikanyage kwake. Mdogo wa Felista alipooa, Felista hakualikwa. Mama yake alikuwa akikutana naye sokoni kwa kujificha. Kuna siku Felista aliniambia, “Umenipokonya baba.” Sikujuta hata kidogo, lakini niliumia, na yeye aliumia kuliko mimi. Hakuniacha. Alisema aliapa kanisani, na kiapo si cha mahakamani tu.

Nilihamishwa huku na huku baada ya hapo. Nilikaa Mabogini, kule tambarare, wakati wa ugomvi wa maji ya mashamba ya mpunga, nikarudi mlimani na mkaguzi wa mabaraza, tukawa tunatokea bila kuarifu, tumevaa matope mpaka magotini. Tulifukuza wachache, tukawaonya wengi. Hatukuimaliza rushwa, asiwadanganye mtu. Ukiiziba huku inatobokea kule, kama mfongo wenyewe. Kazi ni kuamka kila siku ukazibe.

Nilistaafu kabla bendera haijabadilishwa, kwa sababu masikio yalianza kunigomea, na mkalimani asiyesikia vizuri ni hatari kuliko mla rushwa. Vijana huniuliza kama ilifaa, kujitenga na wakwe kwa ajili ya maji ya mjane. Nitawaambia lililotokea mwaka wangu wa mwisho, mjihukumie wenyewe.

Asubuhi moja nilimkuta Mzee Ndesario amekaa kwenye benchi la Boma. Alikuwa amezeeka, ana fimbo. Nilimwamkia, akaitikia, na hiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu tangu siku ile barazani. Alikuwa na rufaa. Jirani yake alidai sehemu ya kihamba chake upande wa korongo, naye alishindwa barazani.

“Nimekuja nikutake wewe unifasirie,” alisema.

“Baba, siruhusiwi. Wewe ni baba wa mke wangu.”

“Hata mara ile nilikuwa baba wa mke wako.”

Alinitazama, na nikaona hanikejeli. Alikuwa anasema tu jambo lilivyo.

“Basi nitafutie mwingine kama wewe,” akasema. “Sitaki wa kunisaidia. Nataka wa kutonidanganya.”

Nilimpa mkalimani wa pili, niliyemfundisha mwenyewe, nikakaa nje kwenye benchi lile lile. Mioyo ya watu ina mambo. Nilikuwa namwombea ashinde, kwa ajili ya Felista.

Alishindwa. Mipaka ilipimwa, mashahidi wakasikilizwa, na lile korongo lilikuwa la jirani. Alitoka taratibu, akasimama mbele yangu, nikainuka nikitafuta neno la kumpoza.

“Nimeshindwa,” alisema. “Nimesikiliza kila neno. Hakuna aliyekula kitu mle ndani.” Akashika mkono wangu, si kwa kunisalimia, bali kwa kujiegemeza, maana ngazi za Boma zilikuwa ndefu. “Twende kwako. Nikamwamkie binti yangu.”